Shaba Upande wa Kivuli

Vijana, mkiitisha mkutano wa watu wenye ulemavu, msiuitishe ghorofani. Naanza na hilo kwa sababu nililifanya mwenyewe, nikiwa na digrii ya fasihi na ratiba iliyochapwa vizuri. Mada ilikuwa "Sanaa ya Barabarani kwa Watu Wote". Chumba kilikuwa na feni na meza ndefu, juu ya duka la vitenge, na ngazi yake ilikuwa nyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wasingeweza kupishana bila kuoana. Wenye viti vya magurudumu walibaki chini barabarani, wakanipigia simu kuuliza kama na wao wamo katika hao "wote".

Nilipokuwa nakimbilia chini kuomba radhi, nilikutana mlangoni na mtu pekee aliyekuwa amepanda. Alikuwa mwanamke kipofu wa makamo, kitambaa kichwani, fimbo mkononi, hahemi hata kidogo.

"Weye njo Prof?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mama. Karibu sana. Ila tunashuka."

"Tunashuka?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta. "Nimepanda ngazi makumi mbili na mbili, ile ya kumi na tano imevunjika, sasa unaniambia tunashuka? Bon. Nipe mukono. Lakini weye njo utatangulia, ukianguka nitajua pa kukanyaga."

Ndivyo nilivyofahamiana na Mama Mwansa, mwenyekiti wa chama cha vipofu wa mji wetu wa Likasi. Mkutano tuliufanyia kwenye kibaraza cha duka, mwenye duka akipima vitenge katikati yetu.

Uprofesa wenyewe sikuwa nao. Nilifundisha sekondari miezi michache, nikashindwa na kelele. Lakini kwetu, mtu akivaa miwani na kubeba karatasi zilizokunjwa, basi ni Prof, na jina hilo limenifuata miaka yote niliyoongoza chama chetu cha sanaa. Chama kilikuwa na jina refu la Kifaransa nililolibuni mwenyewe kwa siku tatu. Hakuna aliyelitumia. Watu walituita Ba Rangi, yaani wale wa rangi. Sasa nimestaafu, mmechukua ninyi, na mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Niliyojifunza mengi yanahusu picha tatu za shaba, kwa hiyo nitaandika juu ya hizo, na mengine yataingia yakipata nafasi.

Mnajua picha za shaba ya kupigwa. Katika utoto wangu kila sebule iliyojiheshimu ilikuwa na moja juu ya redio: mwanamke anatwanga, au tembo, au ramani ya nchi. Sikuwahi kufikiri kwamba picha ile inaweza kuguswa. Mama yangu angenivunja vidole. Aliyenifungua akili ni Papa Kazadi, fundi wa shaba, mzee mfupi mwenye karakana nyuma ya nyumba yake. Nilikwenda kumwomba atusaidie kuandika herufi za kibao cha chama chetu. Nikamkuta anafanya kazi amefumba macho.

"Umelala, Papa?"

"Minye silale. Nasikiliza na gumba."

Kazi yake iko hivi, muiandike. Bati la shaba unalichoma motoni hadi liwe jekundu, kisha unalitosa kwenye maji, nalo linalainika kama ngozi. Unalilaza juu ya mfuko wa mchanga, upande wa nyuma ukikutazama. Unapiga kwa nyuma, polepole, ili picha itokeze mbele. Ukipiga sana shaba inakaza na kupasuka, hivyo unairudisha motoni. Kwa kuwa unapiga upande ambao picha haionekani, kila baada ya muda inabidi upeleke mkono upande wa pili na kupapasa. Kumbe picha hizi zote za masebuleni zilitengenezwa kwa vidole kwanza, halafu ndipo zikatundikwa mahali ambapo kidole hakifiki.

Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Siku iliyofuata nilimwendea Mama Mwansa na wazo langu: picha tatu kubwa za shaba, kwenye ukuta wa barabara kuu karibu na soko, kwa ajili ya kuguswa. Foleni ya wanawake kwenye bomba la maji. Uwanja wa mpira umejaa. Na mtu anayesukuma baiskeli iliyobeba magunia ya makaa, au makala kama tunavyosema, kama wale wanaoingia kila asubuhi kwa njia ya Kambove.

Hakuruka kwa furaha kama nilivyotarajia.

"Prof, sikiliza. Banatuitaka kila mwaka. Wanatupanga mustari, wanatupa jus na tisheti, wanapiga foto, tunarudi ku nyumba. Bantu yangu wamekataa. Wamesema, Mama Prezida, sherehe ingine hapana."

"Hii si sherehe, Mama. Ni kazi ya sanaa."

"Minye nitawaambia vile. Nitaweka neno yangu. Lakini wakienda, wakikuta tena ni foto, watanitoa ku kiti, na chama kitajifunga ndani. Wengine wao hawatokake tena ku nyumba. Unaelewa? Neno yangu ni moya tu, sina ingine."

Nilisema naelewa. Nilikuwa nimeshaanza kupanga hotuba.

Tukafanya kazi miezi minne. Sitawaeleza yote, ila hili lazima: urefu wa kutundika kitu cha kuguswa haupimwi kutoka kwenye macho. Nilitundika picha ya kwanza pale macho yangu yalipopenda, Papa Kazadi akaja akasimama mbele yake kwa heshima, kama mtu aliye kanisani, mikono juu. "Muntu atachoka," akasema. Tuliishusha mpaka kiwiko kiwe kimekunjwa nusu, na aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu afike pia. Pimeni kutoka kwenye kiwiko.

Kila asubuhi nilipita pale ukutani nikaweka kiganja juu ya shaba. Laini, baridi, tamu. Nilijiona mtu wa maana sana.

Uzinduzi ulipangwa saa tatu asubuhi, siku ya posho, ndiyo Jumamosi yetu, mwezi wa kumi. Wale mnaoishi Likasi mmeshaanza kucheka. Mwezi wa kumi, mvua bado, joto limetusimamia kichwani. Vipofu kumi na wawili walifika saa mbili na nusu wamevaa nguo za Jumapili. Kiongozi wa mji aliyepaswa kukata utepe alifika saa nane na nusu mchana. Katika saa hizo jua lilifanya kazi yake: likavuka juu ya ukuta, likashuka upande wa barabara, likalala juu ya shaba yetu bila kizuizi chochote. Asubuhi zangu zote pale nilipima upande wenye kivuli cha asubuhi. Mchana, nilikuwa nakula.

Utepe ukakatwa. Wapiga picha wakajipanga. Mama Mwansa akamtanguliza Papa Kalenga, mzee mrefu mkavu, aliyekuwa fundi wa mabati katika karakana za mgodi kabla hajapoteza macho. Ndiye aliyekuwa amebisha kuliko wote, na Mama alitaka aanze yeye.

Papa Kalenga alinyoosha mikono yote miwili, akabandika viganja vizima juu ya picha ya foleni ya bomba.

"Eeeh! Mama yangu!" Akaruka nyuma, akamkanyaga mpiga picha. Kisha, kwa sauti iliyofika sokoni: "Mama Prezida! Hii ni picha ao ni kikaango? Mulete mayai! Mulete mayai tukarange, kwani jus iko wapi?"

Barabara nzima ikacheka. Mwuza mayai mmoja akainua trei yake juu ya vichwa vya watu, "Iko hapa, Papa!" Hata kiongozi alicheka, akajikumbuka, akakohoa. Mimi nikacheka pia, kwa hofu, kama mtu anavyocheka akianguka mbele ya wakwe. Mama Mwansa hakucheka. Alisimama na fimbo yake, akingoja kelele ziishe, na watu wake wakaanza kushikana mabega na kuondoka mmoja nyuma ya mwingine. Jus walikataa.

Siku mbili baadaye alinijia na majibu ya kikao chao.

"Wamenipa siku ya posho moya. Ile inayokuya. Kama ile siku tena ni bule, natoka ku kiti, na hakuna muntu atawaita tena kwa kitu chochote. Papa Kalenga njo alisema. Wengine wakapiga makofi."

Sasa vijana, angalieni mtu aliyesoma anavyotatua tatizo. Wazo langu la kwanza lilikuwa mwavuli mkubwa wa bia. Wazo la pili, paa dogo, lakini fundi alisema kwenye jua la magharibi paa lingekuwa kofia isiyofika usoni. Wazo la tatu, ambalo nalitaja kwa aibu, lilikuwa maji. Kwa mchana mmoja mzima nilisimama na ndoo nikiimwagia shaba kila baada ya nusu saa. Mvuke ulipanda. Akina mama wapita njia waliniuliza kama naosha wafu.

Mama Mwansa alinikuta hapo na ndoo. Alinishika mkono, akaniongoza, ndiyo, yeye akaniongoza mimi, hadi mwisho wa ukuta, akakunja kona, tukaingia kwenye kichochoro cha nyuma. Mnakijua: mfereji wa maji machafu katikati, nguo zimeanikwa, mama mmoja anakaanga mikate ya mafuta. Akabandika kiganja changu ukutani.

Baridi kama mtungi.

"Asubui nyumba za ng'ambo zinafunika," akasema. "Mchana ukuta yenyewe inafunika. Sisi tunapitaka hapa kila siku, juu ya ba moto, zile pikipiki za ku barabara, wanatugonga. Ukuta hii naijua kila tofali."

"Mama, miezi minne! Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Nilikuwa nimemuuliza kama anapenda wazo. Nilikuwa nimemuuliza kama anapenda shaba. Nilikuwa nimeandika kurasa kumi juu ya ushirikishwaji, na ndani yake hamkuwa na swali moja dogo: Mama, ninyi mnapitaka wapi?

Lakini kuzihamishia picha kichochoroni si kitu chepesi. Wafadhili waliotulipia shaba walitaka kibao chenye jina lao kibaki mahali magari yanapopita. Waliniambia kwa adabu kwamba kibao chao hakiwezi kutazamana na mfereji, na kwamba fedha za ukuta wa pili, uliopangwa kufuata baada ya huu, nisizitarajie. Nilirudi nyumbani, nikazungukazunguka mezani, mke wangu akaniuliza ukuta ule ulikuwa wa nani. Nikasema wa watu wote. "Basi ni upande gani watu wote wanafika?" akauliza, akaendelea kuchambua mchele. Kesho yake nilisaini barua ya kukubali kupoteza ukuta wa pili. Ndiyo barua yangu nzuri kuliko zote nilizoandika, ina mistari minne.

Aliyenishinda alikuwa Papa Kazadi.

"Kichochoro?" Alitupa kitambaa chini. "Ile ni kazi kubwa ya maisha yangu, Prof. Napiga mukuba, shaba hii, tangu baba yangu. Sasa unaenda kuitia ku mufereji? Hapana. Narudisha ku nyumba yangu."

Na picha zilikuwa zimeshateremshwa, ziko karakanani kwake, zimelazwa juu ya magunia. Mama Mwansa, aliyekuwa amekaa kwenye stuli, aliomba aruhusiwe kuzigusa, kwa kuwa siku ile hakupata nafasi. Papa Kazadi akasogeza picha ya uwanja wa mpira kwa kununa.

Akaigusa muda mrefu. Vidole vyake vilipanda kwenye majukwaa, kichwa kwa kichwa, vikazunguka mpira, vikarudi. Tulisikia mkate ukikaangwa nyumba ya jirani.

"Huyu anapiga kelele," akasema. "Huyu analala. Huyu amekalia kofia ya mwenzake." Papa Kazadi akainua uso. "Na hapa, Papa," kidole chake kikasimama kwenye safu ya juu, kushoto, "hapa ulichoka. Vichwa vinne hivi ulipiga na haraka. Ilikuwa magaribi?"

Mzee akakaa chini taratibu.

"Ilikuwa magaribi," akasema. "Bibi aliniita kula bukari." Akapeleka gumba lake palepale: "Tangu nimeanza hii kazi, banasemaka tu, ni mzuri, Papa, ni mzuri. Hakuna muntu alionaka ile vichwa ine."

Akaomba siku mbili ili avirudie. Na siku ya kuhamisha hakutaka msaidizi, alibeba ile picha ya mpira mwenyewe, akipita katikati ya soko kama amebeba mtoto wa kubatizwa.

Neno juu ya wezi, maana najua mnaliwaza. Kutundika shaba kichochoroni Likasi, mji ambao waya wa shaba ukilala nje, asubuhi huukuti! Dawa ni hii: kabla ya kutundika, jazeni mgongo wa picha saruji na mchanga, pamoja na vyuma vya kuishika ukutani. Vidole vya watu havitaibonyeza, na mwizi atakayefaulu kuing'oa atabeba saruji nyingi kwa shaba nyembamba kama ganda la kitunguu. Wanunuzi wa vyuma chakavu hawampendi mtu huyo. Pia tuliweka tuta dogo la saruji ardhini mbele ya kila picha, fimbo ilijue. Mfereji wakaufunika wenyeji kwa mabamba ya zege, bila mimi kuomba. Mama wa mikate alisogeza jiko lake hatua tatu, akasema tumemharibia biashara, na siku ya posho akaja na beseni kubwa mara mbili ya kawaida.

Siku hiyo hakukuwa na utepe. Nilikuwa nimeandika hotuba, Mama Mwansa akaniomba niiweke mfukoni iendelee kukua. Watu wake walikuja kumi na mmoja. Wakaanza kugusa, kwa woga kwanza, ncha za vidole tu, kama mtu anayejaribu uji. Halafu sauti zikaanza. "Huyu Mama iko na mimba!" "Wapi?" "Hapa, lete mukono." "Huyu anakata foleni, angalia, ndoo yake iko mbele, miguu iko nyuma!" Kichochoro kikajaa. Wakazi wakatoka, wanawake wenye sabuni mikononi, nao wakataka kugusa, wakaambiwa wapange mstari.

Mama Mwansa alikuwa ananiuliza kila dakika: "Kalenga amefika?" Nasema bado. "Sasa?" Bado. Bila Kalenga kikao kingesema wengine wamefurahia mikate tu.

Alifika saa tano. Alikuwa amevaa glavu nene za ngozi, za fundi wa kuchomea vyuma, hadi kwenye viwiko.

"Pardon, ba Mama," akasema, "minye siku hizi nikienda kuangalia sanaa, najikinga."

Wakacheka, hata wenzake. Mama Mwansa aliuma mdomo. Papa Kalenga akapapasa baiskeli ya makaa kwa glavu, juu, chini, kwa madaha, kama daktari anayempima mtu asiyeumwa. Kisha akasita. Akavua glavu ya kulia, akaishika kwapani. Akagusa gurudumu. Akavua ya kushoto, ikaanguka, hakuiokota.

Alikaa pale muda mrefu. Watu wa nyuma wakaanza: "Papa, avanse, songa mbele! Hatuko ku musee ya vitu vya zamani!" Hakusikia. Vidole vilipita kwenye kiti, kwenye magunia, vikafuata kamba.

"Nani alipiga hii?" akauliza mwishowe, kwa ukali.

"Minye," akasema Papa Kazadi, akijiweka sawa. "Kazadi."

"Papa Kazadi, umesukumaka baiskeli ya makala?"

"Hapana. Lakini nimeona."

"Umeona nini? Hii kamba umefunga wapi? Iko inapita chini ya gunia moya tu. Huyu muntu makala yake inaanguka Kambove, ku Likasi anafika na baiskeli tupu! Na fimbo ya kuongozea iko wapi?"

"Ile fimbo iko ng'ambo, haionekani. Ni perspective!"

"Perspective sijui. Kamba naijua. Bibi yake atakula perspective?"

Kichochoro kikalipuka. Wengine walimtetea Papa Kazadi, wengine walisema kamba kweli iko vibaya. Mwanamume mmoja aliyewahi kusukuma makaa akaitwa kutoka nyumbani kwake, akaja na kijiko mkononi, akagusa, akakiri mbele ya wote kwamba baiskeli ile isingefika hata kwenye daraja. Papa Kazadi alikuwa mwekundu kama shaba aliyoichoma. Mama Mwansa akapasua katikati ya watu na fimbo yake.

"Papa Kalenga," akasema, "basi niambie mbele ya bantu. Ni bule?"

"Bule?" Mzee akashangaa, kama aliyeamshwa. "Mama Prezida, unasikia lakini? Kamba haiko sawa! Kazi moya nakuya kwa huyu muntu ku atelier, nitamuonyesha. Hii haiwezi kubaki vile."

Kazi moya ndiyo Jumatatu yetu. Nilipita karakanani asubuhi hiyo, nikiwa na daftari, nikitaka kusimamia mazungumzo, maana nilidhani ndiyo kazi ya kiongozi. Niliwasikia tangu barabarani. Wazee wawili walikuwa wameinama juu ya kipande kipya cha shaba, mmoja anapiga, mwingine anapeleka gumba upande wa pili na kusema "hapana, hapana, ongeza", na mwenye nyundo anasema kwake hakuna mtu wa kumwamrisha, kisha anaongeza. Nilisimama mlangoni. Hakuna aliyenikaribisha. Hakuna aliyejua nipo.

Simu yangu ikalia. Mama Mwansa.

"Amefika?"

"Amefika, Mama."

"Wanagombana?"

"Sana."

"Aksanti, Mungu," akasema, akakata.